Usingoje Mauti Yakufungue Mkono

Shukrani zote ni za Mola Jalali, aliyetupa uhai bila ya sisi kuuomba na atakayeutwaa bila ya kutushauri. Na rehema na amani zimshukie Mtume wetu, jamaa zake na masahaba zake. Nauusia kwanza moyo wangu, kwa kuwa ndio mkaidi ninayemjua zaidi, kisha nawausia nanyi, ndugu zangu waumini, tumche Mwenyezi Mungu kwa siri na kwa dhahiri, na Ijumaa hii tuziketishe nafsi zetu mbele ya madaftari yake zikiwa bado na wino wa kusahihishia. Nataka tutafute ibra katika kiumbe dhaifu ambacho mpita njia hakitupii hata jicho: nyasi inayoota katika tope la chumvi, ikafa mle mle, ikaoza mle mle.

Katika pwani ya mashariki ya Marekani, kwenye jimbo la Georgia, kipo kisiwa kiitwacho Sapelo, na baina ya kisiwa hicho na bara vimetanda vinamasi vya chumvi hata jicho likachoka. Tope la namna ile huku kwetu, tangu Lamu hadi Rufiji, Mola amelikabidhi kwa mikoko na michu na mikandaa. Kule, kwa sababu majira ya baridi huleta jalidi ambayo mikoko haiistahimili, amelikabidhi kwa nyasi ambayo wataalamu huiita Spartina. Bahari huijia mara mbili kila siku, ikajaa na kupwa kwa kimo cha mita 2 na zaidi, nayo husimama palepale, ikanywa maji ambayo yangeua mpunga wetu kwa siku chache, ikaitoa chumvi kwa jasho la majani yake, hata jua likipanda utaziona chembe nyeupe zimeganda juu ya jani.

Ukiitazama kwa mbali utasema hii ni neema iliyoachwa wazi kwa kila mwenye njaa. Lakini John Teal, mtaalamu aliyefanya utafiti katika kituo cha bahari cha Chuo Kikuu cha Georgia kilichoanzishwa kisiwani humo mwaka 1953, alipokaa kuhesabu nani hula nini, akaichapisha hesabu yake mwaka 1962, alionyesha kwamba nyasi ile ikiwa hai haina wageni wengi. Panzi hutafuna kidogo, wadudu wengine hufyonza utomvu wake, na karibu yote yaliyosalia hayaguswi, kwa kuwa jani ni gumu, limejaa nyuzi, na matumbo mengi hayaliwezi. Na hata uzee unapoifika, baridi inapokaribia, nyasi ile huivuta nitrojeni iliyokuwa majanini na kuirudisha chini, kwenye mashina yaliyofukiwa topeni, iwe akiba yake yenyewe kwa mwaka ujao, ikaacha juu bua fukara. Ni kibubu, ndugu zangu: kimejaa, kinazidi kujaa, na hakuna afaidiye mpaka kivunjwe.

Kuvunjwa kwake ndiko nataka tukutazame bila haraka, maana hikma ya Mola haikimbizwi. Jani la nyasi ile likifa halidondoki. Hubaki limeshikamana na bua lake, wima, kavu, lina rangi ya udongo, na likiwa bado limesimama hivyo, kuvu hulivamia. Nyuzi zake nyembamba hupenya ndani ya jani, zikaisaga ile nyama ngumu ambayo panzi aliishindwa. Wako konokono wadogo wanaopanda mabua kila maji yanapojaa, na wengi wetu tungedhani wanapanda kula majani, kumbe wanachokitafuta zaidi ni ile kuvu. Siku zikipita bua huvunjika, bamvua ikalibeba na kulilundika ufuoni, au likalala topeni na kukanyagwa na kaa. Maji ya kwanza yanayolilowesha huondoka na vile vinavyoyeyuka upesi, sukari na chumvichumvi na sehemu ya fosforasi, na hiyo ni kazi ya siku chache tu. Kinachosalia ni kigumu, kazi yake ni ya miezi, na nyuzi sugu kabisa huchukua miaka. Juu ya kila kipande hukaa bakteria na kuvu, na kwa kuwa kipande chenyewe ni maskini wa nitrojeni, viumbe hao huichota kutoka kwenye maji yanayopita na kuijenga ndani ya miili yao, hata ikawa kile kipande kilichooza, kwa uzito wake, kina lishe zaidi kuliko lilivyokuwa jani siku lilipokufa. Subhanallah! Fukara amekufa, na jamaa waliomzunguka ndio waliomtajirisha baada ya kufa kwake.

Huko chini topeni, ambako hewa haifiki, wapo bakteria wengine wanaotumia salfeti ya bahari badala ya oksijeni, na kazi yao ndiyo ile harufu ya yai viza inayomfanya mtu azibe pua na kukaza mwendo. Angejua anachokikimbia! Katika uozo huo amonia na fosfeti huachiwa ndani ya maji yaliyojificha baina ya chembe za tope. Bahari ikipwa, maji hayo huchuruzika polepole kutoka kingo za vijito, yakaingia hori, na hori likayapeleka mbele, ambako mimea midogo isiyoonekana kwa jicho tupu huvipokea virutubisho hivyo na kukua kwavyo. Na mimea hiyo huliwa na viumbe vidogo na chaza, na viumbe vidogo huliwa na kamba, na mkizi huyala matope yenyewe pamoja na vyote vilivyomo, na nyuma ya mkizi yupo mvuvi, na nyuma ya mvuvi ipo sufuria ya mama ambaye hajui hata kama nyasi ile iliwahi kuota.

Sasa sikilizeni, maana hapa ndipo penye neno langu. Mwingine angekwambieni tuwe kama nyasi ile, tufe tuwafae walio hai. Mimi siwezi kusema hivyo, na dhamiri yangu hainiruhusu. Nasema: usingoje mauti yakufungue mkono. Nyasi haikuamrishwa kutoa. Haikupewa akili, haikuonyeshwa yatima, haikupigiwa hodi usiku wa manane na jirani ambaye mtoto wake anawaka homa na nauli ya hospitali hana. Imetoa kwa kuvunjwa, kwa hiyo haina thawabu wala haina adhabu. Wewe umeamrishwa ukiwa hai, kiganja chako kikiwa bado na nguvu ya kufumba na kufumbua, na kwa ajili hiyo kutoa kwako kukawa ibada. Kitakachotoka mkononi mwako baada ya macho yako kufungwa hakitaandikwa kuwa ulikitoa. Kimechukuliwa. Kina jina lake, ni mirathi, na mirathi ni haki ya watu kwa hukumu ya Mola, hawadaiwi shukrani yako.

Na mwili nao utatoa tu, upende usipende. Nitrojeni iliyo katika nyama yako na fosforasi iliyo katika mifupa yako ni amana ya ardhi, na ardhi itaidai bila ya kukuandikia barua, iwe ulilala juu ya godoro la sufi au juu ya ukindu mtupu. Sijapata kusikia bakhili aliyeweza kuizuia ardhi haki yake. Kaburini wote ni wakarimu. Karimu na bakhili hupambanuka hapa juu, katika huu umri mfupi uliokatwa vipande vipande baina ya adhana na adhana, ambao jana ulikuwa utoto na leo, ukiinuka kwenye sijda, magoti yanalia. Usingoje. Anayengoja huachia wengine sifa ya kutoa na yeye hubakiwa na hesabu ya kuzuia.

Sisi wazee wa mitaa huitwa sana kwenye vitanda vya wagonjwa, na yapo mambo tunayoyaona huko ambayo yanatia khofu kuliko mauti yenyewe. Mtu miaka yake yote alikuwa na haraka, leo anamtaka karani aje mbio. Anataka kiwanja kiwe wakfu. Anataka kijana aliyemfanyia kazi dukani bila ya kulipwa sawasawa atafutwe popote alipo. Anataka dada yake, ambaye tangu baba yao afariki hajaonja hata nazi moja ya shamba lile, arudishiwe fungu lake. Ulimi umekuwa mzito, roho i kooni, wana wanatazamana. Sheria imemwachia thuluthi moja tu ya kuusia, na hiyo nayo inataka ulimi wa kuitamka na mashahidi wa kuisikia. Ama fungu la dada na ujira wa kijana havimo hata katika thuluthi. Hivyo ni deni, na deni hutangulia wasia na mirathi, na mwenye deni lake atakuja nalo mbele ya mizani ambako hakuna karani. Ewe ndugu, mkono unaofunguliwa na mauti hufunguka ukiwa mtupu.

Nirudi kidogo kwenye kinamasi, kwa sababu wale wataalamu wametufundisha na jambo jingine ambalo wao wenyewe huenda hawakulikusudia. Teal alikadiria kwamba takriban asilimia 45 ya kile kinachozalishwa na mimea ya pale, baada ya wakazi wa kinamasi kula na kutumia, hutoka na maji kwenda mikono ya bahari. Mwaka 1968 Eugene Odum, mwalimu mwenye heshima kubwa katika elimu ya mazingira, aliifanya hoja hiyo kuwa pana zaidi: kwamba vinamasi vya chumvi ni chemchemi zinazobubujika na kuineemesha bahari ya pwani nzima. Hoja ikapendeza, watu wakaiamini, na kuthaminiwa kwa vinamasi kukazidi. Mwaka 1970 jimbo la Georgia likapitisha sheria ya kuvilinda. Haukupita hata muongo, wataalamu wengine, baadhi yao wakifanya kazi katika pwani ile ile, wakapima tena, wakachunguza aina za kaboni zilizomo ndani ya maji na ndani ya miili ya wanyama, wakakuta kwamba sehemu kubwa ya lishe iliyodhaniwa kuwa ni ya nyasi ilitokana na mimea midogo ya majini na ile inayoota juu ya ngozi ya tope. Wakakuta pia kwamba vipo vinamasi vinavyotoa sana, vipo vinavyotoa kidogo, na vipo vinavyopokea kutoka baharini kuliko vinavyopeleka, kulingana na umbo la mahali na nguvu ya maji. Hawakulificha hilo kwa kuona haya. Walilichapisha, walilijadili, wakaipunguza ile sifa mpaka ikafikia kipimo chake.

Huo ndio muhasaba, ndugu zangu, na ninaona uchungu kwamba watu wanaufanya kwa ajili ya majani makavu na sisi hatuufanyi kwa ajili ya roho zetu. Wapo kati yetu wanaosifiwa kuwa ni bahari ya ukarimu. Zulia la msikiti wamelitoa wao, tangi la maji lina jina lao kwa rangi nyekundu, na futari ya Ramadhani hupikwa uani kwao. Nawe ukipima maji yanayoingia na yanayotoka, unakuta mpishi wa futari ile hajalipwa tangu mfungo mosi, na aliyewauzia mchele anazungushwa, leo kesho, leo kesho. Wanasifiwa kwa kutoa nao wanapokea. Pima, mja wa Mungu, ungali unaweza kupima! Usingoje siku ambayo hesabu yako itasomwa na mwingine nawe huna ruhusa ya kusahihisha hata tarakimu moja.

Tena Sapelo imebeba kumbukumbu ya ndugu yetu katika imani, na haifai nikitaje kisiwa kile nimpite yeye kimya. Bilali Muhammad alizaliwa Timbo, katika Futa Jallon, nchi ambayo leo imo ndani ya Guinea. Akasoma alichosoma, kisha akatekwa, akauzwa, akavushwa bahari, na katika miaka ya mwanzo ya karne ya 19 akawa mtumwa katika shamba la Thomas Spalding, vinamasi vile vikiwa mbele yake kila kulipokucha. Mtu huyu hakumiliki jembe lake. Hakuwamiliki wanawe. Aliacha kitabu kidogo cha kurasa 13 kwa hati ya Kiarabu, ambacho watu kwa muda mrefu walikidhania kuwa ni shajara ya mambo ya shamba, hadi walipopatikana wa kukisoma, wakaona kwamba ndani yake mna udhu, mna adhana, mna swala, mambo yaliyochotwa katika Risala ya Ibn Abi Zayd wa Qayrawan, kitabu ambacho watoto wa madhehebu ya Maliki wamelelewa nacho. Leo kimehifadhiwa katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Georgia. Wazao wake walipohojiwa katika miaka ya 1930 walikumbuka waliyoyasikia, kwamba Bilali na mkewe walikuwa wakipiga magoti juu ya mkeka, tasbihi mikononi. Na mmoja wao alimkumbuka binti wa Bilali, siku moja maalumu ya kila mwaka, akiosha mchele na kuutwanga kinuni, akautia utamu, akaufinya vikate bapa, kisha akawaita watoto wote na kumtia kila mmoja kikate kiganjani. Vikate hivyo wakiviita saraka.

Tafakarini hali ya watu hawa. Mchele ulikuwa wa jasho lililoibwa, siku zao zilikuwa mali ya mtu mwingine, kesho yao ilikuwa mnadani. Na mkono ulifunguka, kila mwaka, siku ile ile, ukiwa hai. Nawe unayo hati ya nyumba, una duka, una pensheni, au una vidole kumi vizima na ufundi ndani yake, na bado wasema mambo yakitengemaa nitatoa. Nani kakwambia yatatengemaa? Na yakitengemaa, nani kakwambia utakuwepo? Ukunjufu wa mkono hauletwi na wingi. Wingi huukaza zaidi. Basi usingoje wingi, usingoje uzee, usingoje ndoto mbaya wala daktari mwenye uso mzito.

Liko jambo la mwisho nililolikusudia, na hili litawagusa baadhi yenu, nanyi mnisamehe. Kaskazini zaidi, kwenye jimbo la Massachusetts, Linda Deegan na wenzake walitia nitrojeni katika maji yanayojaa vijito vya kinamasi cha Plum Island, wakaendelea na jaribio hilo kwa miaka 9, kwa kiasi ambacho pwani nyingi hukipokea kutokana na mbolea za mashamba na maji machafu ya miji. Na mwaka 2012 wakachapisha walichokiona. Nyasi za kando ya vijito zilirefuka, na asiyejua angesema zimebarikiwa. Chini ya tope mizizi ilipungua, maana mmea unaokuta lishe tele majini hauna haja ya kuishukia ardhini; uozo nao ukaenda mbio kuliko ada yake; kingo zikalegea, zikapasuka, zikaporomokea kijitoni na nyasi zake ndefu juu yake. Nitrojeni ile ile! Ikiachiwa taratibu na kuvu na bakteria, kwa kipimo cha Mola, ni rehema iendayo mpaka kwenye sufuria. Ikimwagwa bila ya kipimo, inaing'oa nchi chini ya miguu ya kilichosimama juu yake. Wangapi wamerefushwa na mali hivyo hivyo, kimo kikaonekana mjini kote, na mizizi, yaani swala na haki za watu na udugu, ikanyauka bila ya mtu kuona mpaka kingo zilipokatika?

Nalisema hili kwa maana ya ndani, na nalisema pia kwa maana yake ya wazi kabisa. Nyumba zetu zilizopakana na hori zina mabomba, na mabomba yale tunajua yanaelekea wapi maji yakipwa. Vijana wanaovua kamba pale chini ni wana wetu. Mikoko inatoa kwa utaratibu iliopewa, nasi tunamimina juu yake yale tusiyotaka kuyaona majumbani mwetu, halafu twainuka na kutia udhu. Haki ya jirani haiishii ukutani. Hufika mpaka pale maji yako yanapofika. Na hili si la kumwachia mrithi. Mtoto wako akiziba bomba lile baada ya kukuzika wewe, yeye ndiye atakayekuwa ameliziba.

Ewe Mola, tufungue mikono yetu tungali nayo, tulipie madeni yetu tungali na ndimi za kuyakiri, na uwarehemu waliotutangulia, wa hapa na wa visiwa vya mbali. Amin.

Anayedaiwa na yatima au mjane kutokana na mirathi ambayo haijagawanywa, amwone kadhi wiki hii, nami nipo tayari kufuatana naye kama anaona haya kwenda peke yake. Na wenye nyumba zilizopakana na hori nawaomba msitawanyike baada ya swala: fundi wa mashimo ya maji machafu yupo, ameketi pale karibu na mlango wa kushoto, na bei yake tumekwisha kuizungumza.